Maji Yapo, na Mamba Wapo
Ndugu mwanafunzi, ukitoka Arua ukavuka daraja la Pakwach hadi maporomoko ya Murchison, utauona mto Nile wote ukijibana katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha ukiporomoka mita 43 ndani ya korongo. Adhuhuri imeingia. Je, utatayamamu na maji yote yale mbele yako?

Huko chini wamejaa mamba na viboko. Wanachuoni wa Kishafii na Kimaliki wanasema anayeyaona maji akachelea mnyama mkali huhesabiwa ameyakosa. Lakini kwanza muulize dereva: dumu la maji limo? Likiwamo, na yakazidi ya kunywa, huna udhuru. Mimi hujaza madumu mawili Pakwach, kabla ya daraja.