KOMEO LA MLANGO, SHABA NA TWAHARA YA MIKONO

Bismillahir Rahmanir Rahim

Ufipa ni nchi ya chuma. Wazee wetu walikiyeyusha katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu. Leo chuma tunakigusa kila saa: komeo, kitasa, koki ya bomba na mkono wa birika.

Kwanza, tutenganishe mambo mawili. Kitasa kisicho na najisi ni twahara kisheria, lakini kinaweza kubeba bakteria walioachwa na mkono usionawa. Hata chuma kisichoshika kutu hung'aa tu. Baadhi ya bakteria huishi juu yake siku kadhaa.

Pili, shaba ni tofauti. Chembe zake hupenya ngozi ya bakteria na kumuua. Mwaka 2008 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilithibitisha, baada ya majaribio, kuwa michanganyiko kadhaa ya shaba huua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria waliopimwa ndani ya saa 2. Ndiyo maana baadhi ya hospitali duniani huweka vitasa vya shaba, au huvika chuma utando wenye shaba au fedha.

Katika Suratul Kahf tunasoma kuwa Dhulqarnain alimimina shaba iliyoyeyuka juu ya chuma. Katika Sahih Bukhari, Abdullah bin Zaid (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa maji ya chombo cha shaba. Aya inahusu uimara wa ukuta, na hadithi inaonyesha kuwa chombo hicho kinajuzu. Tusizibebeshe habari za bakteria.

Tatu, shaba ina mipaka. Ikipakwa rangi au ikifunikwa na uchafu, bakteria hawaigusi. Tena, ndani ya saa hizo 2 darasa zima limekwisha kushika komeo. Kwa hiyo utando hauondoi wajibu wa kunawa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tukiamka tuoshe mikono mara tatu kabla ya kuitia chomboni, kwani hatujui ililala wapi. Basi tunawe kwa sabuni tutokapo chooni na kabla ya kula, na makomeo tuyafute kila siku.

Maswali
1. Twahara na kutokuwa na bakteria vinatofautianaje?
2. Kwa nini shaba isipakwe rangi?
3. Nyumbani kwenu, ni chuma gani kinachoguswa zaidi, na nani hukisafisha?

Wabillahi tawfiq.