Denti Kituoni: Nauli, Lifti na Haki ya Kusoma

Je, msomaji, leo umefikaje shuleni? Kama unakaa Kishiri na kusoma mjini, au kila asubuhi unasubiri gari pale Buhongwa, hadithi hii unaijua. Saa kumi na mbili na nusu, shati jeupe, daftari kwapani. Hiace inapunguza mwendo. Konda anatazama sare kwanza, watu baadaye. "Denti wawili tu!" Wawili wanapanda, anagonga bodi, gari linaondoka. Nyinyi wengine mnabaki na vumbi.

Utasema, gazeti la afya na mambo ya nauli wapi na wapi? Subiri kidogo, tutafika.

Tuanze na ada. Swali la nani alipie shule ni la zamani hapa kwetu, na sehemu yake iliamuliwa kando ya ziwa hili hili. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Ada ya shule za msingi ilikuwa imeshafutwa mwaka 1973. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, wazazi wakaanza kulipa tena. Ada ya msingi ikafutwa upya 2001. Kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali walifutiwa kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022.

Sasa chukua kalamu. Kabla ya 2016 mwanafunzi wa kutwa alilipa ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200, kwenda na kurudi 400. Zidisha kwa siku 194 za masomo: 77,600. Ni karibu mara nne ya ile ada iliyofutwa, na hapo unapanda gari moja tu. Wa magari mawili azidishe mwenyewe. Elimu bila ada ni jambo kubwa, sibezi hata kidogo, lakini ada haikuwa gharama pekee.

Hesabu ya tajiri

Kabla hujamtukana konda, piga na hesabu yake. LATRA ilipotangaza nauli mpya Desemba 2023, nauli ya mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka 500 hadi 600. Ya kwako ikabaki 200. Wanafunzi sita wanampa konda 1,200, watu wazima sita wanampa 3,600. Jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake kamili, haulizi ulibeba denti wangapi.

Maana yake nini? Taifa limekubali kwamba mwanafunzi alipe kidogo, na hilo ni sawa. Ila ile 400 inayopungua hakuna aliyepangiwa kuilipa. Imeachwa mlangoni mwa Hiace, konda na denti wagombane wenyewe. Konda anayekusukuma ana makosa, ndiyo, lakini mkigombana naye kila siku hamtamaliza.

Nipande nini?

Sasa afya. Aliyeachwa kituoni anaweza kutembea, anaweza kuchelewa akakutane na mwalimu wa zamu, au anaweza kupanda cha mtu. Boda wa mtaani. Kaka mwenye gari dogo anayepita saa ile ile kila siku. Wiki ya kwanza hadai kitu. Ya pili ni chips. Ya tatu anakuuliza kwa nini huna shukrani. Sisemi kila anayetoa lifti ni fisi, wapo wazee wa watu wanaosaidia kwa moyo mmoja. Tatizo ni kwamba kituoni saa kumi na mbili huwezi kuwatofautisha.

Kazi yangu ni kupita mashuleni, na kwa muda mrefu nilikuwa nasema tu, "Jamani wasichana, msipande lifti." Siku moja binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Sasa dada, nipande nini?" Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu, na makala haya yanatokana na swali lake.

Na wavulana msijione mko salama. Boda anayekubeba bure leo anaweza kesho kukutuma kitu usichokijua kilichomo.

Yajue haya, mweleze na mwenzako. Tangu 2016 sheria inasema anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka 30. Ukilazimishwa, au mwenzako akilazimishwa, nendeni hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo: zipo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na lazima zianzwe kabla saa 72 hazijapita. Kila saa ina maana. Simu ya watoto ni 116, kupiga ni bure. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa ajili ya mimba anaruhusiwa kurudi. Kuna wanaoambiwa mtaani kwamba basi tena, wamemaliza. Si kweli.

Waliotangulia kudai

Wanafunzi wa nchi hii wamewahi kusimama. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanachuo Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi 393 wakarudishwa makwao. Machi 1978 wa Mlimani waliandamana tena, safari hii wakipinga viongozi kujiongezea marupurupu. Hoja hiyo ilimgusa kila mlipa kodi, na bado walifukuzwa kwa mamia.

Mimi hupenda zaidi mfano wa Chile, mwaka 2006. Waliogoma kule walikuwa wa sekondari kama wewe. Waliitwa pengwini kwa sababu ya sare zao nyeupe na za giza. Hawakuanza na maneno makubwa. Walidai kadi ya basi ya bure na kuondolewa ada ya mtihani wa kuingia chuo. Wakawa mamia ya maelfu, na serikali ikatoa majibu juu ya basi, mtihani, hadi chakula cha shuleni.

Sikutumi barabarani. Mkiwa hamna takwimu mkononi, mtaonekana watoto wanaopiga kelele. Kwa hiyo fanyeni hivi: watu watano, daftari moja, wiki mbili. Kila asubuhi andikeni saa, kituo, njia, namba ya gari, denti waliopanda na waliobaki. Andikeni pia saa mliyofika shuleni. Jina la msichana aliyepanda lifti msiandike kabisa, hilo ni siri yake.

Daftari likijaa, pitieni kwa mwalimu mlezi na serikali ya wanafunzi, mwombe lifikishwe bodi ya shule, kwa diwani, na ofisi ya LATRA mkoani Mwanza. Wazazi waende nanyi, maana mtu mzima akisimama pembeni yako unasikilizwa haraka. Msiombe "kusaidiwa". Ombeni kitu kinachohesabika: msimamizi awepo kituoni saa kumi na mbili hadi saa moja, au gari la wanafunzi kwa njia yenu asubuhi, na mtu aseme ile 400 ataibeba nani. Waiteni na madereva kwenye kikao. Wao pia wana watoto wanaosubiri kwenye kituo kingine.

Jibu likija, tuandikieni. Lisipokuja hadi mwisho wa mwezi, tuandikieni pia, na nakala ya daftari.