Je, tochi yako inakuambia kweli?

Ndugu wafanyakazi, nanyi mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo hatutasema juu ya malaria wala juu ya maji ya kunywa. Tutasema juu ya tochi, ile tochi ndogo ya LED ambayo karibu kila jamaa inayo mezani au chini ya mto.

Kwa nini mtu wa dispanseri anafundisha mambo ya tochi? Sababu ni hii. Alfajiri moja mfanyakazi wa posti ya usiku aliletwa kwetu, mkono umevunjika karibu na kiganja. Alikuwa akirudi nyumbani, umeme umekatika, akaanguka katika mfereji ambao aliupita kila siku. Nilipomuuliza kama alikuwa na taa, alijibu kwa hasira kidogo: « Tochi ilikuwa inawaka, munganga. » Tuliiwasha pale pale, na kweli iliwaka. Kisha tukatia mapile mapya. Sote tulinyamaza, maana mwanga uliopiga ukuta ulikuwa mwingine kabisa. Mtu yule alikuwa ametembea na tochi iliyokwisha kufa nusu, naye hakujua.

Jicho ni kipimo kibaya

Mwanga ukipungua polepole, mboni ya jicho hupanuka, na baada ya dakika 20 au 30 gizani jicho huwa limezoea sana. Mungu ametupa jicho la namna hiyo ili tuweze kuona usiku. Lakini zoezi hilo hilo linatudanganya. Mapile yakichoka kidogo leo na kidogo kesho, jicho linayafuata, nasi tunasema: « Tochi ni ile ile. » Njia iliyo mbele ya miguu unaiona bado. Shimo lililo metre 5 mbele huliona tena.

Tochi ni za namna mbili

Ampule ya LED yenye mwanga mweupe inataka volti karibu 3. Pile mpya ya alkaline ina volti 1.5, ikikaribia kwisha inabaki na volti 1 hivi. Basi tochi ya mapile 3 huanza na volti 4.5, na mwishoni inabaki na 3 tu.

Katika tochi za namna ya kwanza, umeme wa pile unakwenda kwa ampule moja kwa moja, au unapita katika rezistansi ndogo tu. Pile ikishuka, mwanga unashuka pamoja nayo, tangu saa ya kwanza mpaka ya mwisho.

Katika tochi za namna ya pili kuna kifaa kidogo kinachoitwa regulateri. Fikirini mtu anayechunga robine ya tanki. Maji yakipungua katika tanki, yeye hufungua robine zaidi, ili kila ndoo ijae kwa muda ule ule. Regulateri hufanya hivyo: volti zikishuka, huvuta umeme mwingi zaidi katika pile, na mwanga unabaki sawa kwa muda mrefu. Lakini siku tanki limekauka, hakuna robine ya kusaidia. Mwanga huanguka mara moja, na mara nyingine tochi huzimika kabisa.

Namna gani utajua yako ni ipi? Maneno yaliyoandikwa juu ya sanduku si ushahidi. Tochi ya pile moja ya volti 1.5 lazima iwe na kifaa cha kupandisha volti, ama sivyo LED nyeupe haiwezi kuwaka vizuri. Lakini kupandisha volti ni kazi moja, na kushika mwanga uwe sawa ni kazi nyingine. Shurti upime.

Kupima kwa karatasi na mafuta

Njia hii ni ya zamani, haitaki mashine. Tafuta jirani mwenye tochi kama yako kabisa, karatasi nyeupe, na tone moja la mafuta ya kupikia. Fanyeni kazi hii usiku, katika chumba chenye giza.

1. Tieni mapile mapya ya aina moja katika tochi zote mbili.

2. Dondosha tone la mafuta katikati ya karatasi, ulipanguse, uache doa dogo tu.

3. Lazeni tochi mbili juu ya meza ndefu au juu ya sakafu, zikitazamana, metre 2 kati yao. Simamisha karatasi katikati, doa likipigwa na mwanga kwa pande zote mbili. Kama tochi zina mwanga mkubwa na mdogo, wekeni zote kwa mkubwa.

4. Tazama doa upande huu, kisha upande ule. Upande wenye mwanga mwingi doa huonekana jeusi. Upande wenye mwanga mdogo doa hung'aa. Sogeza karatasi polepole mpaka doa lionekane sawa pande zote mbili, au lipotee karibu kabisa. Tia alama mahali hapo, ndipo mwanzo wako.

5. Zima tochi moja. Nyingine iache iwake saa 2.

6. Washa tena ile iliyopumzika, ungoje dakika 5, maana tochi nyingi hupunguza mwanga zenyewe zikipata moto. Kisha tafuta tena mahali doa linapopotea. Rudia kila baada ya saa 2, ukiandika sentimetre katika daftari.

Msitazame ndani ya mwanga wenyewe, na watoto wasiachwe kuchezea macho yao hapo. Tazameni karatasi tu.

Kusoma jibu

Kama karatasi inabaki pale pale penye alama saa baada ya saa, halafu siku ile tochi inaanguka ghafula, basi ina regulateri.

Kama kila mara unalazimishwa kusogeza karatasi karibu zaidi na tochi iliyofanya kazi, haina. Wala usidharau sentimetre chache. Tuseme ulianza katikati, 100 kwa 100, na sasa doa linapotea kwenye sentimetre 80 kutoka tochi iliyochoka na 120 kutoka tochi iliyopumzika. Zidisha kila hesabu kwa yenyewe: 80 mara 80 ni 6,400, na 120 mara 120 ni 14,400. Tochi iliyochoka inatoa mwanga usiofika hata nusu ya ule wa mwenzake. Karatasi imesogea sentimetre 20 tu, na zaidi ya nusu ya mwanga imepotea!

Kama una rafiki elektrisien mwenye amperemetre, anaweza kukupa ushahidi wa pili. Apime umeme unaotoka katika pile mpya, kisha katika pile iliyotumika. Volti zikishuka na ampere zikipanda, regulateri inafanya kazi. Vyote viwili vikishuka pamoja, hakuna regulateri. Kazi hiyo mwachieni yeye, hasa kwa mapile ya lithium, kwani nyaya zikigusana vibaya zinaweza kuwaka moto.

Wengine hupungia mkono mbele ya tochi, na wakiona vidole vingi vingi husema: « Hii ina regulateri. » Wanakosea. Hiyo inaonyesha tu kwamba mwanga unawaka na kuzimika upesi upesi. Haisemi kitu juu ya pile inapochoka.

Baada ya kupima

Msifikiri kwamba tochi moja ni nzuri na nyingine ni ya kutupwa. Kila moja ina hatari yake, na kila moja ina dawa yake.

Tochi isiyo na regulateri inakuibia mwanga bila kelele. Dawa yake ni kubadili mapile kabla hayajakufa. Daftari lako limekwisha kukuonyesha ni saa ngapi.

Tochi yenye regulateri inakupa mwanga mzuri, kisha inaweza kukuacha gizani bila kuaga, hata ukiwa katikati ya ngazi. Dawa yake ni kuhesabu saa, na kutembea na mapile mengine mfukoni. Ikidumu saa 6 nyumbani, usiitegemee zaidi ya 4 njiani.

Mambo ya kukumbuka

Usichanganye pile mpya na ya zamani. Iliyochoka inaweza kupasuka na kutoa maji yanayounguza ngozi na macho.

Usitie pile ya lithium ya volti 3.7 mahali pa pile ya volti 1.5, hata kama inaingia vizuri.

Mama, tochi ndogo sana hutumia mapile madogo kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama halii.

Mwisho, chini ya udongo tochi ya mfukoni haichukui nafasi ya lampi ya kaske uliyopewa lampisteri. Usiifungue lampi hiyo, usiipime kwa njia hizi. Ukiona mwanga wake si kama jana, irudishe, umwambie kapita kabla ya kushuka. Na mahali penye baruti au gazi, usiingie na taa ambayo haikuruhusiwa.

Yule ndugu wa mkono uliovunjika alikaa na plasta wiki 6. Alipokuja kutolewa plasta alinionyesha tochi yake. Juu yake alikuwa amebandika kipande cha karatasi, na juu ya karatasi ameandika tarehe aliyotia mapile na saa alizokwisha kutumia. Jumamosi hii, jioni, fanya kama yeye. Mafuta ni tone moja tu.