Gari la Kampuni Likilala Kwako: Kodi Yake na Namna ya Kuikokotoa

Jioni katika kata zetu si ajabu kuona pikapu ya kampuni ya ununuzi wa mazao, au Noah yenye nembo ya shirika fulani, imeegeshwa mbele ya nyumba ya mtumishi wake. Jumamosi gari hilohilo huonekana sokoni, na Jumapili huwapeleka watoto kwa bibi yao. Jirani husema mwenye kazi kapata bahati. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, haisemi bahati. Inasema ni sehemu ya ujira. Mwajiri anayekupa gari ulitumie kwa mambo yako binafsi amekupa kitu chenye thamani juu ya mshahara, na kitu hicho huingizwa katika hesabu ya kodi ya ajira, yaani PAYE.

Swali hili hufikishwa kwa watendaji wa kata, kwa hiyo tuanze na jambo moja: kodi hii haikusanywi na Halmashauri. Hukatwa na mwajiri katika mshahara na kupelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Halmashauri haina mkono katika makato hayo, wala haiwezi kuyafuta. Hata hivyo, waajiriwa wa kampuni na mashirika yaliyomo katika kata zetu wanapopata hasara kwa kutoijua hesabu yenyewe, hilo linatuhusu.

Hasara huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mwajiri asiyelihesabu gari kabisa. Miaka hupita, kisha wakaguzi wa kodi hufika, hufungua vitabu na kukuta magari ambayo kila mtu mtaani anajua hulala kwa watumishi. Mwajiri aliyeshindwa kukata kodi hubaki anadaiwa kodi hiyo, pamoja na riba, lakini sheria humruhusu kuirejesha kodi aliyolipa kutoka kwa mwajiriwa aliyepaswa kukatwa. Ndipo mtumishi anapoitwa ofisini na kuoneshwa deni la miaka mitatu. Njia ya pili ni kinyume chake: mwajiri humkata mtumishi zaidi ya inavyopasa, naye hukaa kimya kwa sababu hajui kipimo.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kimo katika Jedwali la Tano la Sheria hiyo, na huangalia mambo mawili tu: ujazo wa injini na umri wa gari. Bei ya gari haiulizwi, wala kilomita ulizotembea kwa mambo yako. Ukilitumia kila Jumapili au mara chache kwa mwezi, maadamu umepewa kwa matumizi yako binafsi, yote au baadhi, thamani inayohesabiwa ni ileile.

Gari lenye injini isiyozidi cc 1,000 huhesabiwa kuwa na manufaa ya shilingi 250,000 kwa mwaka ikiwa umri wake haujafika miaka 5, na 125,000 ikiwa umezidi. Hapa ndipo yalipo magari madogo ya mizigo ambayo wengi huyaita kirikuu, yenye injini ya cc 660. Zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 ni 500,000 kwa gari jipya na 250,000 kwa gari lililozidi miaka 5. Zaidi ya cc 2,000 hadi 3,000 ni 1,000,000 na 500,000. Kupita cc 3,000 ni 1,500,000 na 750,000. Msomaji ataona kwamba katika kila daraja gari lililovuka miaka 5 huhesabiwa nusu ya lile ambalo halijavuka.

Jedwali halina mlango wa pekee kwa magari ya mizigo. Pikapu, gari la abiria na gari la kifahari hupimwa kwa rula moja. Matokeo yake, kwa maoni yangu, huwa ya ajabu kidogo. Land Cruiser kuukuu yenye injini ya cc 4,164, ile inayoruka makorongo wakati wa masika, huhesabiwa 750,000 kwa mwaka hata ikiwa viti vyake vimechanika. Gari jipya la kifahari lenye injini ya cc 1,991, ambalo bei yake ingenunua Land Cruiser kadhaa za namna hiyo, huhesabiwa 500,000. Aliyetunga jedwali alitaka hesabu rahisi isiyo na mabishano ya bei, na urahisi huo amelipiwa na watu wa barabara mbovu, ambao hawana hiari ya kutumia injini ndogo.

Sasa tufike mahali ambapo wengi hujikwaa. Kiasi kilichotajwa katika jedwali si kodi. Ni thamani inayoongezwa kwenye mapato yako, na kodi hutozwa juu yake kwa kiwango cha daraja la mshahara wako. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Hadi 760,000, asilimia 20. Hadi 1,000,000, asilimia 25. Na kinachozidi 1,000,000, asilimia 30. Mchango wako wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza kabla ya kodi kukokotolewa.

Tumchukue msimamizi wa ghala mwenye mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi. Mchango wake wa asilimia 10 ni 120,000, hivyo kinachotozwa kodi ni 1,080,000. Kodi ya milioni ya kwanza ni 128,000, na ya 80,000 zilizobaki, kwa asilimia 30, ni 24,000, jumla 152,000. Kampuni imempa Hilux ya cc 2,494 iliyozidi miaka 5, naye huitumia kwa mambo yake baada ya kazi. Manufaa yake ni 500,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi 12 unapata 41,667. Mapato yanayotozwa huwa 1,121,667 na kodi huwa 164,500. Tofauti iliyoletwa na gari ni 12,500 kwa mwezi, sawa na 150,000 kwa mwaka. Fedha anayolipwa haikuongezeka. Ni kodi tu iliyoongezeka.

Hilo ni jambo la kustahimilika linapokatwa mwezi kwa mwezi. Lakini mwajiri akilala miaka mitatu, ni 450,000 kwa mkupuo, na msimamizi wetu huenda alikwisha kuzilipia ada za shule.

Mwenye mshahara mdogo huguswa kidogo sana. Dereva wa 400,000 anayetumia Noah ya cc 1,998 iliyozidi miaka 5 ataongezewa thamani ya 20,833 kwa mwezi, na kodi ya ziada haifiki 1,700. Wa mshahara wa 250,000 hatalipa chochote, kwa kuwa hata gari likijumlishwa bado yuko chini ya 270,000. Mtumishi wa namna hiyo akiona makato ya gari katika hati ya mshahara, aulize siku hiyohiyo.

Nikiri kosa langu hapa. Zamani nilikuwa mhasibu katika kiwanda kimoja, na kulikuwa na fundi mkuu aliyepewa pikapu ikiwa mpya. Niliingiza 1,000,000 kwa mwaka, sawasawa kabisa. Pikapu ilivuka miaka 5 nami nikaendelea na 1,000,000 ileile kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna kengele inayolia katika vitabu siku gari linapozeeka. Fundi alikatwa 25,000 kwa mwezi mahali pa 12,500. Aliyegundua ni yeye mwenyewe, baada ya kuazima kadi ya gari na kusoma mwaka wa kutengenezwa. Alinijia kwa upole mno, akaniambia, “Mhasibu, gari limezeeka ila kodi yake imekataa kuzeeka.” Tangu siku ile huwashauri watu waisome kadi ya gari: ujazo wa injini umeandikwa humo, na mwaka wa kutengenezwa pia.

Upo msamaha mmoja mkubwa ambao haujulikani vya kutosha. Ikiwa mwajiri hadai katika hesabu zake punguzo lolote linalohusu umiliki, matengenezo au uendeshaji wa gari hilo, manufaa ya mwajiriwa hayahesabiwi kabisa. Maana yake ni kwamba uchakavu wa gari, bima, matairi, matengenezo na mafuta havikuondolewa katika faida ya kampuni ili kupunguza kodi yake. Mantiki inaeleweka: kodi iliyookolewa upande mmoja hutozwa upande wa pili, na isipookolewa haitozwi. Waajiri wengi hudai gharama hizo, na ni haki yao. Anayekwambia, “Usijali, gari hilo halina kodi,” mwombe aandike kwamba hadai gharama zake. Kauli ya mdomo haitakusaidia mbele ya mkaguzi aliyekwisha kuona bima na mafuta katika vitabu.

Kwa sababu hiyohiyo magari ya Serikali na ya halmashauri hayamo katika mjadala huu. Serikali haitozwi kodi ya faida, hivyo haina punguzo la kudai. Kama mtumishi anaruhusiwa kulitumia gari la umma kwa mambo yake ni swali la kanuni za utumishi, wala si la kodi, na mkazi anayeliona gari la namba za SM kwenye sherehe ana haki ya kuliuliza mahali pake.

Je, dereva anayelala na gari kwa sababu kesho alfajiri anaanza safari ya kazi? Sheria hutaja gari lililotolewa kwa matumizi binafsi. Gari lililoegeshwa kwako kwa usalama tu, nawe huna ruhusa ya kulitumia, halijawa manufaa yako. Lakini neno lako peke yake ni dhaifu. Barua ya mwajiri inayokataza matumizi binafsi, pamoja na daftari la safari lenye tarehe, kilomita za kuanzia na za kumalizia, na sababu ya safari, ndivyo vinavyosimama badala yako. Daftari lililojazwa siku moja kwa kalamu moja kwa ajili ya mwaka mzima hutambulika upesi.

Yatofautisheni pia gari na fedha. Kampuni nyingine haina gari la kutoa, hivyo hulipa posho ya usafiri. Posho ya fedha taslimu kwa mwajiriwa wa sekta binafsi huingia yote katika mapato. Msimamizi wetu wa ghala akipewa posho ya 150,000 kwa mwezi mahali pa Hilux, kodi yake itakuwa 45,000 kwa mwezi, wala si 12,500. Mwenye nafasi ya kuchagua ajue hilo kabla ya kutia saini. Fedha ya kurudishiwa gharama halisi uliyotumia katika kazi, kwa mfano mafuta ya safari ya kikazi yenye risiti, haimo humo. Hiyo si mapato, umerudishiwa chako.

Kwa wenye kampuni ndogo: mkurugenzi anayetumia gari la kampuni yake mwenyewe huhesabiwa katika sheria hii kama mwajiriwa. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama hisa zote ni zako na za mkeo. Mfanyabiashara asiye na kampuni hana mwajiri, kwa hiyo Jedwali la Tano halimhusu. Yeye anachotakiwa ni kutodai gharama za matumizi ya nyumbani kana kwamba ni za biashara. Anayelipa kodi ya makadirio kwa kufuata mauzo hana haja ya hesabu hiyo, kwa kuwa gharama hazimo katika kodi yake.

Atakayeona makato yake yana kasoro aanze kwa mhasibu wa mwajiri, akiwa na nakala ya kadi ya gari, barua ya kukabidhiwa gari na hati za mshahara za miezi husika. Aombe aoneshwe kwa maandishi daraja la injini na umri vilivyotumika. Mwajiri aliyeletewa madai na TRA ana siku 30 za kuyapinga tangu ayapokee. Mtumishi anayejua kwamba gari lilikuwa kuukuu, au kwamba halikuwa la matumizi binafsi, ampe ushahidi wake kabla siku hizo hazijaisha. Deni likithibitika kuwa la haki, makubaliano ya kulilipa kwa awamu yaandikwe na pande zote mbili zitie saini. Yakishindikana kwa mwajiri, ofisi ya TRA ya wilaya hupokea waajiriwa mmoja mmoja. Nendeni na vielelezo hivyohivyo, pamoja na namba ya mlipakodi.