Kuvu za Mizizi na Batobato: Kabla Hujafungua Pochi

1. Zijue kwanza. Mikoriza ni kuvu zinazoishi ndani ya mizizi ya mimea mingi. Nyuzi zake hupenya udongoni mbali kuliko mizizi yenyewe, zikauletea mmea maji na fosforasi. Mmea nao huzilipa sukari na mafuta. Muhogo, wenye mizizi minene na vinyweleo haba, unazitegemea mno. Usitafute uyoga juu ya ardhi, hutauona.

2. Usiziite dawa ya virusi, hata kama muuza pembejeo anaapa. Huko Italia, nyanya zilizopewa kuvu ya Funneliformis mosseae ziliugua kidogo zilipopata virusi vya rasta, na virusi vyenyewe vilipungua mwilini mwa mmea. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Israel walichapisha kinyume chake: tumbaku yenye kuvu ilipata madonda mengi zaidi ya virusi vya mozaiki kuliko tumbaku isiyo nayo. Kwa nini? Kuvu huuzindua mmea ujiandae kwa vita, sawa. Ila pia huunenepesha, na virusi havina kiwanda chao. Huzaliana kwa kutumia seli za mwenyeji, na seli iliyoshiba huenda ikazaa virusi vingi. Upande upi utashinda hutegemea aina ya kuvu, ya virusi na ya mmea. Kwa hiyo anayekuahidi kinga ya virusi vyote, muulize ni virusi gani na zao gani.

3. Vita ya muhogo ianzie kwenye pingili. Batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo, iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika eneo ambalo sasa ni Tanzania. Michirizi ya kahawia ikafuata mwaka 1936, kutoka kituo cha Amani, Usambara. Magonjwa yote mawili husafiri kwa pingili na kwa nzi weupe, na kuvu haisafishi pingili iliyokwisha kuambukizwa. Tafuta mbegu safi, na shina linaloonyesha dalili mapema ling'oe bila huruma.

4. Usizivunje nguvu kuvu ulizo nazo bure. Mmea ukijazwa mbolea ya fosfeti huacha kuzilisha. Kulima mara kwa mara hukata nyuzi zake. Panda kunde au mahindi pamoja na muhogo ili wenyeji wake wasikosekane shambani.

5. Sukuma wiki na kabichi hazikai na mikoriza. Unga wa kuvu kwenye kitalu chake ni pesa uliyoitupa.

6. Ukiamua kununua, tenga mistari michache uiache bila kuvu, ukiipanda pingili za mashina yale yale unayotumia kwenye mistari yenye kuvu. Hesabu mimea yenye batobato pande zote mbili, na siku ya kuvuna pima mihogo kwa mizani, usikisie kwa macho.