Kuunga Betri Kavu kwa Sambamba

Ras Kisimani, ncha ya Kisiwa cha Mafia inayotazamana na delta ya Mto Rufiji, iko nje ya mji wa Kilindoni, ambako mitambo ya dizeli imekuwa kwa miaka mingi tegemeo la umeme wa kisiwa. Mahali kama hapo, mbali na mitambo hiyo, paneli ndogo ya sola na betri hutosha kuwasha taa na redio na kuchaji simu. Betri inapoisha mapema, wengi hufikiria kuongeza ya pili pembeni yake, jambo linalowezekana lakini lenye masharti.

Betri kavu huitwa hivyo kwa kuwa haimwagiki wala haiongezwi maji, ingawa ndani yake mna bamba za risasi na tindikali ya salfuriki iliyonywewa na nyuzi za kioo au kugandishwa kama jeli. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2, na uwezo wake wa kuhifadhi hupimwa kwa ampea-saa, yaani mkondo ukizidishwa kwa muda: betri ya ampea-saa 7 kwa kawaida hutoa ampea 0.35 kwa saa 20, na ikikamuliwa kwa kasi zaidi jumla hiyo hupungua.

Kuunga kwa sambamba ni kuunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili volti zibaki 12 huku ampea-saa zikijumlishwa. Kuunga kwa mfuatano, ambako chanya ya betri moja huingia hasi ya nyingine, hupandisha volti hadi 24 na kunaweza kuunguza vifaa vya volti 12. Betri mbili za ampea-saa 7 huhifadhi wati-saa 168, na kwa kuwa kuzimaliza kabisa hufupisha umri wake, inafaa kutumia nusu, ambayo yatosha taa mbili za wati 5 kwa saa tano, redio ya wati 3 kwa saa nne na chaji ya simu moja. Hata hivyo betri haizalishi umeme: paneli ya wati 10 haiwezi kurudisha wati-saa 84 kwa siku moja, hata jua liwake vipi.

Sharti kubwa kuliko yote ni usawa. Betri ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, kisha kila moja ichajiwe peke yake hadi ijae, ipumzishwe kwa saa kadhaa na kupimwa, na zisiungwe ikiwa zinatofautiana kwa zaidi ya takriban volti 0.1. Ukinzani wa ndani wa betri hizi ni mdogo mno, hivyo iliyojaa ikiunganishwa na iliyoisha humwaga mkondo mkubwa unaoweza kuyeyusha waya mwembamba. Kuukuu ikiungwa na mpya, ile dhaifu hunyonya chaji ya mwenzake usiku kucha, na fedha ya betri mpya huwa imepotea. Ni nafuu kununua betri moja kubwa.

Waya za kuunganishia ziwe nene na za urefu sawa, na waya chanya wa vifaa utoke kwenye betri ya kwanza ilhali hasi utoke kwenye ya mwisho, ili mkondo ugawanyike sawasawa. Kila betri iwe na fyuzi yake karibu na ncha ya chanya, kwani betri ndogo kama hizi zikigusanishwa ncha zake zaweza kutoa zaidi ya ampea mia moja.

Kidhibiti chaji kiwekwe katika kiwango cha betri kavu, kwa kuwa chaji ikizidi, vali hufunguka na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Sanduku la kuwekea betri lisizibwe kabisa. Joto nalo ni adui: kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hukadiriwa kupunguza umri wa betri kwa nusu, kwa hiyo betri zikae kivulini, na ncha zipakwe grisi kuzuia kutu ya chumvi.

Betri iliyokufa isipasuliwe wala risasi yake isiyeyushwe kutengeneza vizamishio vya nyavu, kwani mvuke na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uyeyushaji wa betri kuukuu uliathiri wakazi kiasi kwamba mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri zilizokufa zikabidhiwe kwa mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi, ambazo nchini Tanzania husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.