"I am not confidence": Hofu Yako Inaitwaje?

Semina imeanza, kundi lenu ndilo linalowasilisha, na kila mtu anamsukumia mwenzake: "Anza wewe bwana!" Ukiulizwa kulikoni, unajibu: "I am not confidence." Hapo umeteleza. Confidence ni nomino. Sema "I am not confident" au "I lack confidence."

Ila hofu si moja, na Kiingereza kinazitenganisha:

Nervous: wasiwasi wa muda. Ukimaliza kuwasilisha, nao umeisha.

Shy: mwenye haya. Ndivyo alivyo, darasani hata mtaani.

Self-conscious: wengi tunadhani ni kujitambua. Hapana, hiyo ni self-aware. Hii ni kuhisi macho yote yako kwako, kwenye viatu vyako au lafudhi yako.

Insecure: si habari ya ulinzi tu. Kwa mtu, ni kujiona hutoshi. "I feel insecure about my English."

Self-doubt: ile sauti ya ndani, "hivi mimi nitaweza kweli?" Ni nomino: "I am full of self-doubt."

Kwa nini tujisumbue kuyatofautisha? Mwaka wa kwanza mzima nilijiita shy, na watu wakaniacha nikae kimya. Kumbe nje ya darasa naongea kutwa! Siku nilipomwambia rafiki yangu "I feel insecure about my pronunciation," tukaanza kusoma kwa sauti pamoja kila jioni. Bado huwa nervous. Lakini siku hizi, kundi likisukumana, naanza mimi.